SOMO: Mkate wa sufuria msimu wa baridi, na kinyunya kinachogoma kuumuka

Kila ikifika Juni swali ni lilelile: "Mbona unga wangu hauumuki, hamira nimeweka?" Nimejibu kwa simu, nimejibu kanisani, nimejibu humu mpaka majibu yenyewe yamepotea. Leo naandika yote mahali pamoja. Atakayeuliza kilichomo humu nitamtajia namba ya hatua, basi.

Naandika kwa ajili yetu wa nyanda za juu kusini: Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya, Tukuyu. Kuanzia Juni mpaka Agosti huku ukungu unashinda, na kule Kitulo umande unaganda alfajiri. Maelekezo mengi ya mkate yanayozunguka yameandikwa na watu wa joto. "Acha kinyunya kiumuke dakika 45" ni kweli kwa mtu wa Dar. Kwa jiko la Njombe mwezi wa saba si kweli, na hamira haina kosa. Hamira ni kiumbe hai, ikisikia baridi inapunguza kazi. Unachotakiwa kukipatia joto ni kinyunya chenyewe, na joto hilo linaingia kupitia maji.

Mahitaji: unga wa ngano nusu kilo, hamira ya chenga vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, sukari vijiko viwili vya chakula, chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu, mafuta au siagi vijiko viwili vya chakula, maji mililita 300. Huna kipimo? Chupa ya maji ya nusu lita, jaza mpaka zaidi kidogo ya nusu.

Hatua ya 1. Changanya vikavu vyote. Unga uliolala kwenye sakafu ya saruji uingize ndani mapema upunguze ubaridi.

Hatua ya 2. Maji. Soma hapa taratibu, maana hapa ndipo mikate ya baridi inapofia, na wangu wa kwanza ulifia hapahapa.

Wote tunaambiwa "maji ya vuguvugu", kisha tunapima kwa kidole. Asubuhi ya Julai kidole hakifai kupimia. Mkono uliopigwa na baridi ukigusa maji ya uvuguvugu kidogo tu unayahisi moto, kwa hiyo unaongeza ya baridi, na kinyunya kinazaliwa kikiwa kimepoa tayari. Wengine wanaogopa hilo wanakwenda upande wa pili, wanamimina maji yanayotoka jikoni moja kwa moja. Hamira ikikutana na joto la nyuzi 60 hivi inakufa, na ikifa haifufuki hata uisubiri mpaka kesho.

Acha kukisia, tumia kipimo. Kwa kikombe kilekile, vikombe viwili vya maji ya bomba na kimoja cha maji yanayochemka. Tangulia na ya baridi, kisha mimina ya moto, koroga. Maji ya bomba ya huku msimu huu yakichanganywa hivyo yanafika kama nyuzi 40. Yakikutana na unga wa baridi yanashuka, na kinyunya kinabaki karibu na nyuzi 28 au 29, na hapo ndipo hamira inapofanya kazi vizuri. Ukitaka kuhakikisha kwa mwili, tumia sehemu ya ndani ya kiwiko kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto.

Tahadhari tatu. Kipimo hiki ni cha sehemu za baridi. Ukiwa pwani kitakupa maji ya moto kupita kiasi. Maziwa yaliyochemshwa yaache yapoe kwanza, usiyamimine yakiwa bado yanatoa mvuke. Na usirushe chenga za hamira ndani ya maji ya moto ukidhani zitayeyuka haraka.

Hatua ya 3. Mimina maji, tia mafuta, kanda dakika 10 mpaka kinyunya kiwe laini na kisishike mkononi. Usiongeze unga kila kinaponata, endelea kukanda.

Hatua ya 4. Kukiumua. Umekipa joto, sasa lilinde. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ile ya lita 20. Weka ndani yake sufuria ndogo ya maji ya moto na bakuli la kinyunya kando yake, funika, zungushia blanketi. Maji yakipoa badilisha. Usiweke bakuli juu ya jiko lenye makaa "kidogo tu", kwa sababu chini kitaiva huku juu bado kibichi.

Usiangalie saa. Kata kipande kidogo cha kinyunya ukubwa wa ndimu, kibonyeze kwenye glasi iliyonyooka, vuta mpira wa kufungia noti uuweke usawa wa kinyunya. Glasi ikae ndani ya ndoo pamoja na bakuli. Kipande kikifika mara mbili ya ule mpira, cha kwenye bakuli nacho tayari. Kinaweza kuchukua muda wa saa moja, kinaweza kuchukua mbili.

Hatua ya 5. Toa hewa, viringisha, weka kwenye sufuria iliyopakwa mafuta isiyozidi nusu kujaa, rudisha ndani ya ndoo mpaka kivimbe tena.

Hatua ya 6. Moto juu na chini. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu unene wa vidole viwili, funika, weka jikoni ipate moto dakika 15. Kisha ingiza sufuria ya mkate juu ya mchanga, funika kwa mfuniko bapa, hamishia makaa juu ya mfuniko. Wengi wanakosea mgao wa makaa. Chini bakiza theluthi moja, juu weka theluthi mbili. Joto linapanda lenyewe, kwa hiyo chini hakuhitaji mengi, na mkate ukiungua chini huku juu ni mweupe ujue uliyagawa kinyume. Makaa ya miwati yanadumu na yanatoa joto la kutulia. Mabaki ya mipaini yanawaka kwa kishindo, yanaisha, na moshi wake unaingia kwenye mkate. Usifunue kabla ya dakika 25. Kwa kawaida dakika 35 hadi 40 zinatosha. Ugonge chini kwa vidole. Ukilia kama kitu chenye uwazi ndani, umeiva.

Na hili nalisema kwa uzito wote: oka nje, au jikoni milango na madirisha yakiwa wazi. Msimu huu watu wanavutwa kuingiza jiko la mkaa ndani wakalala nalo. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Kichwa kikianza kuuma na kizunguzungu mbele ya jiko, toka nje hapohapo na utoe wenzako.

Hatua ya 7. Toa kwenye sufuria, weka juu ya waya au ungo upoe kabla ya kukata.

MASWALI

Dogo wa Makambako: Mkuu mbona wangu umekuwa jiwe?

Mwandishi: Maji ulipimaje?

Dogo wa Makambako: Nilikadiria tu.

Mwandishi: Hatua ya 2. Pima, kisha urudi hapa.

Mama Neema, Makete: Kamwene. Asante kwa somo, nimelielewa. Swali langu: mimi naamka saa kumi na moja kuwaandalia watoto, siwezi kusubiri masaa matatu asubuhi. Hakuna namna baridi hii ikanisaidia badala ya kunizuia?

Mwandishi: Kamwene mama. Ipo, na mkate wake una ladha nzuri kuliko wa haraka. Jioni kanda kwa maji ya bomba yasiyopashwa, na hamira punguza mpaka nusu kijiko cha chai. Weka kwenye bakuli kubwa, funika vizuri kisikauke, kiache chumba cha baridi usiku kucha. Hamira kidogo kwenye baridi inafanya kazi polepole, na huo muda mrefu ndio unaoleta ladha. Ukiamka washa jiko, viringisha, weka kwenye sufuria ndani ya ndoo yenye maji ya moto. Wakati chai na uji vinaiva, mkate unavimba. Kama nyumba yako ina joto kiasi usiku, punguza hamira zaidi. Ukijaribu tuletee majibu, nataka kujua kwa baridi ya Makete inakwendaje.

Kaka Mhandisi: Sayansi nyingi. Bibi yangu alikuwa anaweka bakuli juani, mkate unaumuka vizuri kabisa.

Mwandishi: Na alikuwa sahihi, jua lilikuwa linafanya kazi ileile ya ndoo. Siku yenye jua tumia jua. Mimi nimeandika kwa ajili ya wiki ambayo ukungu hauondoki mpaka saa nane mchana. Hakuna mahali nilipomsahihisha bibi wa mtu.

Mrembo_Mby: Mimi naongeza hamira mara mbili baridi ikizidi, inaumuka freshi. Kuna shida?

Mwandishi: Utaumuka, ila utanuka hamira, na kesho yake unamung'unyika na kukauka. Ongeza joto, hamira iache ilivyo.

Baba Tumaini: Jiko baada ya kuoka nikilifunika majivu naweza kuliingiza chumbani usiku? Makaa yanakuwa yamebaki machache sana.

Mwandishi: Hapana. Makaa yaliyofunikwa majivu bado yanatoa gesi ileile, na kwa kuwa hayana moshi hutashtuka. Chemsha maji, yatie kwenye chupa, funga kwa kitambaa, weka miguuni. Jiko lilale nje.

Baba Tumaini: Tumekuwa tukifanya hivyo miaka yote lakini.

Mwandishi: Baba, usilifanye tena leo. Naomba sana.

Mjukuu wa Ulanzi: Swali la pembeni. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, unatoa povu wenyewe bila kuwekewa kitu. Je, hauwezi kuumua mkate?

Mwandishi: Swali zuri sana hili. Povu lile linatokana na hamira za asili zinazokula sukari ya utomvu wa mwanzi, kwa hiyo kazi ni ileile. Pwani wazee wameumua vitumbua kwa tembo la mnazi kabla hamira ya dukani haijazoeleka. Kama unataka kujaribu, chukua ulanzi mbichi unaotoa povu bado na wenye utamu, usichukue uliokwisha kuwa mkali. Uweke mahali pa maji yote, upashe kidogo ndani ya bakuli la maji ya moto, usiupike. Sukari punguza. Nguvu yake haitabiriki kama ya pakiti, kwa hiyo hapa ule mpira wa kwenye glasi ndio wa kuuamini. Tatizo ni msimu: ulanzi mwingi ni wa wakati wa mvua, Julai utautafuta kwa tabu. Anza na nusu ya vipimo ili ukiharibika usipoteze unga mwingi.

Da Rehema, Toronto: Huku nje barafu lakini ndani nyuzi 21, tanuri la umeme ninalo. Kinyunya kinaumuka ila juu kinafanya gamba na mkate unapasuka pembeni.

Mwandishi: Dada, huko shida yako ni ukavu. Hita za ndani zinakausha hewa. Paka kinyunya mafuta juu, funika bakuli kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, au kiweke ndani ya tanuri lililozimwa pamoja na kikombe cha maji ya moto. Kabla ya kuoka chana juu kwa kisu kikali ili kipasuke pale unapotaka wewe.

Sele wa Temeke: Nimetumia viwili kwa kimoja, mbona maji yamekuwa moto hivi?

Mwandishi: Tahadhari ya kwanza, hatua ya 2. Temeke maji ya bomba yanatosha bila kuchemsha chochote.

Mama Neema, Makete: Nimerudi. Usiku kucha imekubali! Ulichukua mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuwa tayari kwa jiko, ila watoto wamekula wote. Sasa makaa yanayobaki baada ya mkate yananiuma kuyazima. Mnayatumiaje?

Mwandishi: Hongera mama! Usiku ujao tia hamira robo tatu ya kijiko uone kama utawahi zaidi. Makaa yanayobaki mimi nayapikia maharage. Kwa urefu wetu hapa, karibu mita 2,000, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94 badala ya 100, ndiyo maana maharage yetu yanachelewa kuiva kuliko ya Morogoro hata moto uwe mkali namna gani. Loweka usiku, mwaga yale maji, weka mapya. Kwanza yachemshe kwa moto wa nguvu dakika 30 kamili, hili usiliruke kwa maharage mekundu, yana sumu ambayo moto mdogo peke yake hauimalizi. Baada ya hapo ndiyo uyahamishie kwenye makaa ya mkate.

Dogo wa Makambako: Magadi je? Mama anatia.

Mwandishi: Punje kidogo yanalainisha, ukizidisha yanageuka sabuni mdomoni. Nyanya na ndimu tia mwishoni maharage yakishalainika, uchachu unayafanya yagome. Na maji ya mkate umepima?

Dogo wa Makambako: Nimepima. Leo umepanda. Chini tu umeungua.

Mwandishi: Sawasawa, umebakiza kidogo. Kesho makaa ya chini toa kama nusu uyapandishe juu ya mfuniko, na angalia kama mchanga unafika vidole viwili kweli.