Somo: Rétes ya Hungaria, unga unaovutwa kwa mikono mpaka uangaze

Ni kitafunio cha unga mwembamba sana, unaoviringishwa na kijazo ndani na kuokwa. Wahungaria hukiita rétes, jina lenye asili moja na neno lao la tabaka. Kule Vienna ni strudel. Vijazo unajifunza kwa nusu saa. Kazi yenyewe ni kuvuta unga.

Mahitaji (meza ya sentimita 80 kwa 100)
Unga wa ngano gramu 300, maji ya vuguvugu mililita 170, mafuta kijiko kikubwa 1, siki kijiko cha chai 1, chumvi nusu kijiko cha chai. Kijazo: matufaha kilo 1.2, sukari gramu 120, chenga za mkate mkavu gramu 80, mdalasini kijiko cha chai 1. Samli ya kuyeyusha, gramu 120.

1. Kanda. Changanya vyote vya unga. Donge litanata mikononi; usiongeze unga. Kanda dakika 10 hadi 15, ukilibwaga mezani kila mara, mpaka liache kunata na liwe laini kama ndewe la sikio.

2. Pumzisha. Lipake mafuta, lifunike kwa bakuli lililopashwa moto, dakika 40. Wengi huharibikiwa hapa. Kukanda hukaza glutini, yaani protini ya ngano inayoupa unga mvuto, na unga usiopumzika hausikii la mwadhini wala la mteka maji: ukiuvuta unarudi, ukiulazimisha unapasuka.

3. Vuta. Tandika kitambaa cha pamba kwenye meza unayoweza kuizunguka, unyunyize unga na kuusugua uingie. Vua pete na saa. Sukuma donge lifike upana wa sentimita 40, lipake samli, kisha ingiza mikono chini yake, viganja vikitazama chini, uvute kwa migongo ya mikono kutoka katikati kwenda nje. Vuta kidogo, sogea hatua moja, vuta tena. Tazama rangi: palipo pazito ni peupe kama maziwa, palipo pepesi maua ya kitambaa yanaonekana. Fuata weupe. Kipimo cha zamani ni kuweza kusoma gazeti lililo chini ya unga. Kingo nene zinazoning'inia zikate kwa mkasi, la sivyo zitakuwa ngumu kama ngozi zikiokwa.

4. Jaza na kunja. Uache ukauke dakika 5 tu. Rashia samli kote. Kwenye ukingo mmoja mrefu mwaga chenga za mkate, kisha matufaha yaliyokunwa na kukamuliwa, mdalasini, na sukari mwisho kabisa, maana ikikaa na matufaha huyatoa maji. Inua kitambaa kwa ncha mbili, rétes ijiviringe yenyewe. Kata vipande 3, paka samli, oka nyuzi 200 kwa dakika 30 hivi.

Maswali ya wanachama

*Shukrani, mwalimu. Wangu umetoboka katikati, niukande upya?*
Hapana, ndugu yangu. Tundu dogo litafichwa na tabaka. Kubwa libandike kipande cha ukingo uliokata. Usilifinye, utaacha fundo nene. Chanzo huwa kucha, au kuvuta palipokwisha kuwa pepesi.

*Niko Mombasa, nitumie unga gani?*
Soma pakiti: protini gramu 11 au 12 kwa kila gramu 100. Unga wa keki hauna nguvu ya kuvutwa. Na zima feni, dada. Upepo huukausha unga kabla hujamaliza kuzunguka meza.

*Manda za sambusa hazifai?*
Hazifai. Manda zimeshapitishwa kwenye chuma cha moto, na ni nene. Rétes huvutwa ikiwa mbichi na kuiva mara moja tu, ndani ya oveni.

*Kwao si hutumia mafuta ya nguruwe?*
Mapishi mengi ya zamani, ndiyo. Samli inafanya kazi ileile.

*Kuna kijazo kisicho kitamu?*
Kipo, cha kabichi, na kinastahili kujulikana zaidi. Ikune kabichi gramu 800, tia chumvi, acha dakika 20, kamua kwa nguvu. Kaanga na kijiko kikubwa cha sukari mpaka igeuke hudhurungi, kisha pilipili manga kwa wingi. Ipoe kabisa kabla ya kuiweka. Ikiwa moto, unga utalegea na kuchanika ukiwa unaviringisha.