Kuseti taimingi ya injini iliyoongezwa nguvu

Taimingi ni wakati plagi inapotoa cheche, ikipimwa kwa digrii za krenki kabla pistoni haijafika juu kabisa. Kabla sijagusa distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi na kinachozungushwa kubadili taimingi, nahakikisha alama ya sifuri (pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa) kwenye puli ya krenki inasema kweli. Mpira wa puli ukichakaa, ringi ya nje huteleza na vipimo vyote vinakuwa uongo. Chomoa betri, toa plagi zote, funga kizuizi cha pistoni kwenye tundu la silinda ya kwanza. Zungusha krenki kwa mkono, polepole, mpaka pistoni iguse, weka alama. Zungusha upande wa pili, weka nyingine. Katikati ya hizo mbili ndiyo sifuri yako. Stata usiiguse, utaharibu pistoni.

Rudisha kila kitu, washa injini ipate moto, chomoa mpira wa vakyumu unaoingia kwenye distributa na uuzibe, kisha mulika taa ya taimingi. Wengi huseti injini ikinguruma taratibu tu. Mimi najali taimingi ya juu: pandisha mizunguko mpaka alama iache kusogea, mara nyingi karibu 3,000 kwa dakika. Kwa V8 za zamani za vali mbili kwa silinda, naanza digrii 32, naongeza 2 kila mara, na ni nadra kupita 36. Nguvu ikiacha kuongezeka, rudi nyuma.

Sikiliza injini ikigonga, yaani mafuta yakilipuka vibaya ndani ya silinda, lakini usitegemee masikio peke yake. Kelele za bomba la moshi huficha mengi. Soma plagi. Ukiona vitone vya alumini kwenye kauri nyeupe, pistoni imeanza kuliwa: punguza taimingi leo hii.