Besi gitaa lililolala stoo

Ukikuta besi gitaa limesahaulika stoo ya bendi au ya kwaya hapa Mtwara, tazama vyuma kwanza. Hewa ya chumvi ya bahari hula nyuzi, freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), skrubu na tundu la jeki, pale unapochomeka waya, kabla haijagusa mbao.

Legeza nyuzi kidogokidogo, uzivue. Zisipoliwa sana na kutu, zichemshe dakika 10 hivi kwa maji matupu, kisha zikaushe kabisa. Mlio hurudi kwa muda, na nyuzi za besi si bei rahisi.

Freti zisugue kwa sufu ya chuma iliyo laini kabisa. Ila pikapu, vile vinasa mlio vilivyo chini ya nyuzi, zina sumaku, zitanasa kila chembe ya chuma, na kuzitoa humo ni kazi. Zizibe kwa teipu ya karatasi kabla hujaanza, uibandue ukishafuta vumbi lote.

Shingo ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Mafuta ya ufuta tunayo tele huku kusini, lakini yaacheni jikoni: yakikaa kwenye mbao hunata na kushika uchafu.

Kitufe cha sauti kikikwaruza, chomoa waya, pulizia dawa ya kusafishia swichi wanayotumia mafundi redio, ukizungushe mara nyingi.