Namna ya Kutafuta Viambato vya Kupunguza Unene katika Mimea ya Dawa ya Uganda

Ukimwendea mganga wa jadi wa Masaka au Luweero na kumwuliza moja kwa moja dawa ya kupunguza unene, huenda akakushangaa, kwa kuwa kunenepa kumehesabiwa kwa muda mrefu kuwa dalili ya neema na si ugonjwa. Mwulize badala yake anawapa nini wenye sukari, ni mmea gani unaomfanya mtu akose hamu ya kula, na ni dawa gani asiyothubutu kumpa mtu aliyekonda. Swali hili la mwisho, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko mengine yote. Andika pia sehemu ya mmea inayotumika, namna inavyochemshwa na kipimo chake.

Kabla ya mahojiano hayo, pata kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, timiza kanuni za mwaka 2005 kuhusu upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa manufaa yake, kisha ukubaliane kwa maandishi na wenye maarifa. Wasan wa kusini mwa Afrika, waliotafuna hoodia, mmea wa jangwani, kutuliza njaa katika safari za uwindaji, walitia saini mapatano ya mgawo wa manufaa mwaka 2003, wakati hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na wengine.

Utambuzi wa mmea ndio unaohitaji subira kubwa zaidi. Usinunue majani yaliyokatwakatwa sokoni. Nenda na mganga hadi mmea unapoota, uchume tawi lenye maua au matunda, ulikaushe kwa kulibana kati ya karatasi, na ulipeleke kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Makerere ili lithibitishwe na kupewa namba. Majina ya kienyeji kama mululuuza na bbombo ni mwanzo mzuri tu, maana jina moja laweza kubeba spishi mbili. Nchini Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza uzito waliharibikiwa na figo, kwa sababu mmea wa Kichina uliokusudiwa ulikuwa umebadilishwa na Aristolochia fangchi, yenye sumu.

Kausha majani kivulini, uyasage, uyaloweke katika ethanoli ya asilimia 70 kwa siku mbili au tatu, kisha uchuje na kukausha dondoo, yaani yale yaliyoyeyuka kutoka kwenye majani, kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Tengeneza na dondoo la maji, kwa sababu ndilo analokunywa mgonjwa.

Jaribio la kwanza lililo nafuu ni la lipasi ya kongosho, kimeng'enya kinachovunja mafuta ya chakula ili yafyonzwe. Katika sahani ya vishimo 96, changanya dondoo, kimeng'enya na nitrofenili butirati, kemikali ambayo kimeng'enya huivunja. Kimeng'enya kikifanya kazi, mchanganyiko huwa wa manjano, nawe unaupima kwa mwanga wa nanomita 405. Linganisha na orlistati, dawa ya kupunguza unene inayozuia lipasi, ambayo nayo ilitokana na kiumbe hai: bakteria wa udongo aitwaye Streptomyces toxytricini. Kwa kuwa dondoo nyingi zina rangi yake zenyewe, kila moja iwe na kishimo chake kisicho na kimeng'enya, usomaji wake ukatolewe katika hesabu. Tena, usifurahi haraka. Tanini, kemikali chungu za mimea, hugandisha protini yoyote inayokutana nayo, kwa hiyo gome lenye tanini nyingi litaonekana kuizuia lipasi ilhali lingezuia karibu kimeng'enya chochote. Ziondoe tanini kwanza, kisha urudie kipimo.

Dondoo lililosalimika lijaribiwe katika chembe za panya za 3T3-L1, ambazo hugeuka kuwa chembe za mafuta na kutiwa rangi nyekundu ili mafuta yaonekane. Pima usumu wake sambamba, kwa sababu chembe iliyokufa pia haihifadhi mafuta.

Hapo ndipo uligawanye kwa viyeyushi vya heksani, ethili asetati na butanoli, ukipima kila fungu na kufuata lile lenye nguvu hadi kiambato kimoja. Chuma tena mmea uleule katika msimu wa kiangazi na wa mvua. Ikiwa nguvu imepotea, angalia katika daftari lako la shambani tarehe, mahali na umri wa majani uliyoyachuma mara ya kwanza.