Jinsi ya kutengeneza hailaiti ya kijana anayelenga drafti ya AFL

Katika familia zetu za Melbourne, Perth na Brisbane wapo vijana wanaocheza kandanda ya Australia, ile ya kupiga mpira kwa mguu na kuudaka kwa mikono. Mwaka wao wa drafti ukifika, yaani pale klabu za AFL, ligi kuu ya mchezo huu, zinapochagua vijana kwa zamu, huwa ni mjomba au dada mkubwa anayeambiwa, "Wewe unajua kompyuta, mtengenezee hailaiti, video ya matukio yake bora." Mwongozo huu ni kwa ajili ya huyo. Utahitaji kompyuta yenye RAM ya GB 16, diski ya nje, na programu tatu za bure: DaVinci Resolve, HandBrake na MediaInfo. Kuhariri kwenye simu hakufai kazi hii. Klipu zikifika 20 kutoka mechi kumi tofauti, utapoteza siku nzima kwa vidole.

1. Jua ratiba kwanza

Drafti kuu hufanyika Novemba, na kijana anaruhusiwa kuingia ikiwa atatimiza miaka 18 kabla ya mwaka kwisha. Katikati ya mwaka kuna michuano ya vijana ya majimbo: Vic Metro na Vic Country (timu mbili za Victoria), South Australia, Western Australia na Allies, timu ya pamoja ya majimbo yaliyobaki. Oktoba kuna Draft Combine, ambako hupimwa mbio za mita 20, mbio za kilomita 2 na kuruka juu. Kwa hiyo tengeneza video mbili. Ya kwanza iwe tayari kabla ya michuano ya majimbo, ukitumia raundi za mwanzo za ligi ya vijana anayochezea: Talent League, WAFL Colts au ile ya SANFL. Ya pili iwe tayari katikati ya Septemba. Kijana aliyekwisha pitwa na drafti ya kwanza asisahau drafti ya katikati ya msimu, iliyorudishwa mwaka 2019. Video yake iwe tayari mwanzoni mwa Mei.

2. Kusanya mechi nzima nzima

Omba klabu ikupe faili la mechi yote, robo zote nne, na usikubali vipande alivyokata mtu mwingine. Tukio zuri mara nyingi lilianza sekunde kumi kabla ya pale alipokata.

Ukirekodi mwenyewe, simama juu, karibu na mstari wa katikati. Uwanja wa mchezo huu unaweza kufika mita 185 kwa urefu, kwa hiyo ukiwa chini pembeni ya goli utaona migongo tu. Weka kamera fremu (picha moja moja) 50 kwa sekunde. Kwenye iPhone washa Show PAL Formats upate 25, na zima HDR ili rangi zisipauke. Chini ya taa za usiku weka shata (muda wa kupiga kila fremu) 1/100, kwa sababu umeme wa Australia ni Hz 50 na shata ya kasi zaidi inaweza kuleta mwanga unaopepesa.

3. Sawazisha fremu kabla ya kugusa chochote

Hapa ndipo kazi za watu wengi huharibika, na huharibika kimyakimya. Utaona kosa siku ya mwisho, klipu zote zikiwa zimeshapangwa.

Utakuwa na mafaili ya aina tatu au nne: kamera ya klabu yenye fremu 25, kamera yako yenye 50, simu ya mzazi mwingine yenye 30, na mechi iliyorekodiwa kutoka kwenye skrini. Simu na rekodi za skrini huwa na fremu zisizotulia: sekunde moja ina 30, inayofuata 28, inayofuata 29. VLC inacheza vizuri bila tatizo, ndiyo maana huoni kitu. Ukilipeleka faili hilo kwenye Resolve, programu inahesabu kana kwamba fremu ziko sawa muda wote, na picha inaanza kuachana na sauti. Kosa la asilimia 2 tu kwenye robo ya dakika 30 ni sekunde 36. Umeandika kwenye daftari kwamba maki (kuudaka mpira uliopigwa kwa mguu kabla haujagusa chini) iko dakika ya 27:10, unakwenda pale, unakuta wachezaji wanarudi katikati baada ya goli.

Fungua kila faili kwenye MediaInfo utazame mstari wa Frame rate mode. Ukisema Constant na namba ni 25 au 50, liache lilivyo. Ukisema Variable, au namba ni 30 au 60, lipitishe HandBrake: H.264, ubora RF 18, Framerate 50, kisha chagua Constant Framerate. Ukishachagua namba, HandBrake hukupa pia chaguo la Peak Framerate, ambalo linaacha fremu zikiyumba vilevile. Likague kila mara. Anayependa kuandika amri atumie hii:

ffmpeg -i robo1.mp4 -vf fps=50 -af aresample=async=1 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k robo1_50.mp4

Sehemu ya async ni muhimu kwa mechi zilizorushwa mtandaoni, kwa sababu matangazo yakikatika sekunde mbili, sauti hupungukiwa na sekunde hizo na yote yanayofuata yanahama.

Kwa nini 50 na si 25? Faili la 25 likiingia kwenye mradi wa 50, kila fremu inarudiwa mara mbili sawasawa na jicho halioni kitu. Faili la 50 likiingia kwenye mradi wa 25, nusu ya fremu zinatupwa, na nusu hiyo ndiyo inayoonyesha mguu ukigusa mpira. Faili la 30 halitakuwa laini kamwe, hata ufanyeje. Litumie pale tu tukio halipatikani kwingine.

Tahadhari nyingine. Rekodi za zamani za televisheni zina mistari kama meno ya kitana kwenye miguu inayokimbia. Hizo zitie bwdif=mode=send_field badala ya fps=50, nazo zitatoka na fremu 50 halisi. Usibadilishe faili moja mara mbili, maana kila mara linapoteza ubora. Usifute faili la asili hadi drafti ipite. Na badilisha robo nzima kabla ya kuandika dakika za matukio.

Namna ya kuhakiki: nenda mwisho wa robo, usikilize king'ora. King'ora kikilia huku mwamuzi akiashiria mwisho wa mchezo, umesawazisha. Kikilia huku mchezo unaendelea kwa sekunde kadhaa, rudi mwanzo wa hatua hii.

Mwisho, kwenye Resolve nenda Project Settings uweke Timeline frame rate 50 kabla ya kuingiza klipu hata moja. Ukishaingiza, namba hiyo inafungwa. Resolve ikikuuliza kama unataka kubadilisha mipangilio ifanane na klipu, jibu Don't Change.

4. Mtafute kijana, andika kila alipohusika

Fungua jedwali lenye safu hizi: faili, robo, dakika, aina ya tukio, mguu, alama kati ya 1 na 3. Tazama mechi yote kwa kasi ya mara moja na nusu, na andika hata matukio madogo. Kumzuia mpinzani ili mwenzake apite ni tukio, na kumkimbiza mtu mita 40 bila kumfikia ni tukio pia.

Angalia namba ya jezi. Kijana mmoja anaweza kuvaa 7 kwenye klabu, 23 kwenye timu ya jimbo, na nyingine kwenye timu ya shule. Matope yakifunika namba, mtambue kwa soksi, rangi ya viatu, bandeji ya mkono, au namna anavyokimbia. Kama huna uhakika ni yeye, usiitumie klipu. Skauti, yaani msaka vipaji wa klabu, akigundua mara moja kwamba umeweka mchezaji mwingine, video yote imekufa.

Ukipotea, fuata bendera. Mwamuzi wa goli hupunga mbili kwa goli la pointi 6 na moja kwa pointi 1. Ukiwa na orodha ya mabao ya mechi, bendera zitakuonyesha upo dakika gani. Kumbuka saa ya televisheni hushuka, na takwimu nyingi huhesabu kwa kupanda. Chagua kuandika dakika zilizopita na ubaki hapo.

5. Kata kuanzia kabla ya mpira

Kila klipu ianze kijana akiwa hana mpira. Skauti tayari anajua kwamba anaweza kupiga. Anachotafuta ni jinsi kijana alivyoona mchezo.

Mtazame Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya na kuchukuliwa na Sydney Swans kwa chaguo la 44 mwaka 2013. Sifa yake ni kukatiza mipira mirefu ya wapinzani na kuidaka hewani. Ukianza klipu ya namna hiyo mpira ukiwa umeshafika juu, unaonyesha mtu mrefu akiruka, na warefu wapo wengi. Ukianza sekunde tano nyuma, unamwona beki akimwacha mtu wake na kwenda mahali mpira utakapoangukia, kabla mpigaji hajainua mguu.

Hivi ndivyo klipu nzuri ya kiungo inavyokuwa, sekunde kwa sekunde. Sekunde ya 0 hadi 1: picha imesimama, duara la kumwonyesha (tazama hatua ya 6) liko miguuni pake, yupo mita tatu nyuma ya msongamano. Ya 2: mwamuzi anarusha mpira juu, kijana anamtazama raki (mchezaji mrefu anayerukia mpira huo) wa wapinzani, si wa timu yake. Ya 4: mpira unaguswa, ameshaanza kukimbia. Ya 5: anaudaka kwa mikono yote miwili huku amekabwa kiunoni, mikono ameiinua huru. Ya 6: pasi ya ngumi kwa mwenzake. Ya 7 hadi 9: anamzuia mpinzani anayemfuata mwenzake. Ya 10: mwenzake anapiga, mpira unadakwa. Kata hapo. Wengi wanaoanza kazi hii hukata sekunde ya 6 na kutupa sehemu iliyo bora kuliko zote.

Kila mpigo uonekane ulikotua, hata kama kamera imehama. Raki aonyeshwe mpira aliougusa unaangukia mikononi mwa nani. Pigo la utulivu baada ya maki lina hadi sekunde 30 za kujiandaa. Onyesha maki, kata muda wa kujiandaa, kisha onyesha hatua nne za mwisho na mpira ukipita kati ya nguzo.

6. Duara

Simamisha picha mwanzoni kwa sekunde moja: fungua Retime Controls, weka kichwa cha kusomea (playhead) pale, chagua Freeze Frame. Chora duara jembamba miguuni, kisha liondoke picha inapoanza kutembea. Duara linalomfuata mchezaji muda wote linaziba miguu, na ni miguu inayotazamwa. Njano inaonekana vizuri kwenye nyasi, ila kwa mechi za Western Australia, ambao jezi yao ina dhahabu, tumia nyeupe.

Kwenye kona ya chini andika raundi, robo na dakika. Skauti makini atakwenda kuitafuta mechi nzima, na ukimrahisishia anakuamini.

7. Panga

Klipu 24 za wastani wa sekunde 9 ni dakika 3 na sekunde 36. Inatosha. Usizidishe dakika 4.

Klipu nne za mwanzo ziwe bora na ziwe za aina nne tofauti. Magoli manne mfululizo yanasema jambo moja tu. Weka angalau tatu za mguu wake dhaifu na angalau nne za kukaba, kukimbiza au kuuziba mpira unapopigwa. Usipange kwa tarehe. Usirudie tukio kwa mwendo wa polepole, isipokuwa pale mikono ilipofanya jambo ambalo jicho haliwezi kulifuata.

Muziki usiweke kabisa. YouTube inaweza kuizuia video kwa ajili ya haki za wimbo, na sauti ya uwanja ina faida: kijana akisikika akiwapanga wenzake kwa sauti, hiyo ni sifa inayotafutwa. Ishushe tu, upepo usivume masikioni.

Kadi ya mwanzo, sekunde 5: jina, mwaka wa kuzaliwa, urefu, uzito, nafasi, mguu, klabu, namba za jezi zake zote. Weka vipimo rasmi pekee. Urefu uliopimwa nyumbani ukiwa na viatu utaumbuka siku ya Combine.

8. Toa na utume

MP4, H.264, 1920 kwa 1080, fremu 50, Mbps 16. Faili la dakika 3 na nusu litakuwa kama MB 430. Lipandishe YouTube kama Unlisted, yaani ataiona mwenye kiungo tu. Kijana akiwa bado chini ya miaka 18, mzazi aridhie kwanza, na namba ya simu ya nyumbani au anwani visionekane popote. Picha za matangazo ya televisheni zina mwenyewe, hivyo uliza klabu kabla ya kuzitumia.

Kabla ya kutuma kiungo, kifungue kwenye simu ukiwa hujaingia kwenye akaunti yako, maana mara nyingi mtu hutuma video iliyobaki Private bila kujua. Simu ikiwa mkononi, jaribu kumwona kijana kwenye kila klipu baada ya duara kuondoka. Ukimpoteza, kuza picha, lakini kwa faili la 1080 usipite asilimia 130. Ukiona hata hapo hajulikani, itoe klipu hiyo uweke ya akiba kutoka kwenye jedwali.