Somo: Kupata moduli ya upau kwa kuugonga, na sababu ya jibu lako kutofanana na la kitabuni

Kila mara naletewa swali lile lile: mtu amegonga upau wa chuma, amesoma masafa yake asilia (idadi ya mitetemo kwa sekunde upau unapoachwa utetemeke wenyewe), amekokotoa moduli ya Young (kipimo cha ukakamavu wa chuma), kisha anauliza kama ameuziwa chuma kibovu kwa sababu jibu limetoka dogo. Nimechoka kulijibu kipande kipande, kwa hiyo naliandika lote hapa. Mara nyingi chuma hakina kosa, kwani masafa uliyoyasoma ni ya upau pamoja na kila kitu ulichoubandikia na kila kitu kinachoushika.

Mfano wetu ni upau wa feleji wenye urefu wa mm 480, upana wa mm 30 na unene wa mm 5. Sehemu ya mm 80 imebanwa kwenye jiliwa, na mm 400 zimetokeza nje. Masafa ya modi ya kwanza (umbo la mtetemo lenye masafa ya chini kabisa) ni f = 0.1615 × (h/L²) × √(E/ρ), ambapo h ni unene, L ni urefu uliotokeza, E ni moduli na ρ ni msongamano. Kwa moduli ya GPa 200 na msongamano wa kg 7,850 kwa mita ya ujazo, tunatarajia Hz 25.5. Modi ya pili huwa mara 6.27 ya hiyo, yaani karibu Hz 160.

Hatua ya 1. Pima unene kwa maikromita mahali patano na uchukue wastani, kwa sababu moduli hufuata kinyume cha kipeo cha pili cha unene, na kosa la mm 0.1 tu hapa linakupotosha kwa asilimia 4. Urefu upime kuanzia ukingo wa meno ya jiliwa. Upau wenyewe upime kwenye mizani. Usikopi msongamano kutoka kitabuni.

Hatua ya 2. Funga jiliwa kwenye meza nzito na ukaze. Legeza, kaza tena na urudie kipimo. Masafa yakibadilika, ubanaji wako bado haujatulia.

Hatua ya 3. Bandika akselerometa (kidude kinachopima mtetemo) kwa safu nyembamba ya nta. Hapa ndipo nilipoharibu, na naomba usome polepole. Katika utafiti wangu wa kwanza nilibandika akselerometa ya gramu 30 kwenye ncha ya upau kama huu. Nilisoma Hz 22.7, nikakokotoa, nikapata GPa 159. Nilirudia siku tatu na kila mara namba ilitoka ile ile, nami nikaamini kwamba kipimo kinachojirudia ni kipimo sahihi. Nilikata upau wa pili, nikaulaumu uchakataji wa joto, na nilikwisha kuandika barua ya kumlalamikia muuzaji kabla mwenzangu wa maabara hajaniuliza kile kidude pale nchani kina uzito gani. Sehemu iliyotokeza ina gramu 471, lakini katika modi ya kwanza ncha ndiyo inayosafiri sana na shina halisogei, kwa hiyo upau hufanya kazi kana kwamba ni robo tu ya tungamo la sehemu hiyo, gramu 118, iliyokaa nchani. Gramu zangu 30 zilikuwa zaidi ya robo ya hizo 118. Gawanya 25.5 kwa kipeo cha pili cha (1 + 30/118) na utaipata ile 22.7 yangu.

Samahani, hapo gawanya kwa kipeuo cha pili, si kipeo. Nimeacha kosa lionekane kwa sababu wengi hukosea hapo hapo.

Kwa hiyo, tumia akselerometa nyepesi kadiri uwezavyo. Ya gramu 3 ingekuonyesha Hz 25.2. Kama unayo nzito tu, ongeza kipande cha chuma chenye uzito sawa na wake mahali pale pale na ugonge tena. Kwa mfano wetu masafa yatashuka hadi Hz 20.7. Chora 1/f² dhidi ya tungamo lililoongezwa, utapata mstari mnyoofu, kisha urefushe mstari huo kurudi hadi tungamo sifuri. Hapo utasoma karibu Hz 25.4, ambayo ndiyo ya upau wenyewe. Angalia na waya pia: ubandike kwenye upau na uuelekeze upande wa jiliwa, maana waya unaoning'inia huru nchani huongeza uzito na hula nguvu ya mtetemo.

Hatua ya 4. Usibandike kwenye nodi, yaani mahali pasiposogea upau unapotetemeka. Modi ya pili ina nodi kwenye 0.783 ya urefu kutoka kwenye jiliwa.

Hatua ya 5. Gonga mara tano kwa nyundo yenye ncha laini, na utupe kila pigo ambalo nyundo imegusa mara mbili.

Hatua ya 6. Rekodi sampuli 2,000 kwa sekunde, kwa sekunde 8. Wigo (grafu ya nguvu ya mtetemo kwa kila masafa) utatenganisha masafa kwa hatua za 1/8, yaani Hz 0.125.

Hatua ya 7. Kwa ufifiaji wa mtetemo, hesabu mizunguko hadi kimo kifike nusu. Ikiwa ni mizunguko 50, ln 2 ÷ 50 ni 0.0139, gawanya kwa 2π, uwiano wa ufifiaji ni 0.0022.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nimefuata hatua zote lakini modi ya pili haionekani kabisa. Naomba msaada wa haraka.

Jibu: Hukusema umebandika wapi.

Swali: Mm 315 kutoka kwenye jiliwa.

Jibu: 0.783 × 400 ni 313. Umebandika juu ya nodi. Hatua ya 4.

Swali: Mwalimu, nimerudia kwa upau wa alumini wenye vipimo vile vile, na kwa hesabu napata karibu Hz 25.5, sawa na feleji. Alumini ni laini mara tatu hivi, inakuwaje?

Jibu: Nimefurahi umeliona hilo, kwa sababu wengi hulipita. Masafa hayafuati moduli peke yake, yanafuata √(E/ρ). Alumini ina GPa 69, lakini msongamano wake ni kg 2,700 tu, na ukigawanya na kuchukua kipeuo cha pili utapata karibu mita 5,050 kwa sekunde kwa metali zote mbili. Ulaini wake na wepesi wake vimefutana. Tofauti utaiona ukibandika kitu: sehemu iliyotokeza ya upau wako ina gramu 162, robo yake ni gramu 40 na nusu, na ile akselerometa ya gramu 30 ingeushusha hadi Hz 19.3. Fanya majaribio yote mawili, uyachore kwenye grafu moja ya hatua ya 3, na mistari itakutana karibu mahali pamoja kwenye tungamo sifuri.

Swali: Mbona unawachosha watu? Simu ina akselerometa ndani yake. Ifunge nchani kwa mpira, kazi imekwisha.

Jibu: Ndugu, simu nyingi zina zaidi ya gramu 150, nami nimeandika aya nzima kuhusu gramu 30. Ukiifunga nchani, utakuwa unapima simu iliyowekwa juu ya spiringi. Maikrofoni ya simu, hata hivyo, ni chombo kizuri kwa kazi hii kwa sababu haigusi upau. Utoe upau kwenye jiliwa, uutundike kwa nyuzi mbili kwenye 0.224 ya urefu kutoka kila ncha (kwa mm 480 ni karibu mm 108), ugonge katikati na urekodi sauti. Kwa upau ulio huru namba ya mbele ya fomula ni 1.028, L ni urefu wote, na unapaswa kusikia karibu Hz 113. Kiwango cha ASTM E1876 kimejengwa juu ya wazo hili.

Swali: Nikipima ufifiaji kwa upana wa kilele kwenye wigo napata zaidi ya mara mbili ya ule wa kuhesabu mizunguko. Nimetumia dirisha la kielelezo (kizidisho kinachopunguza rekodi kadiri muda unavyokwenda) ili mawimbi yafe kabla rekodi haijaisha. Niamini ipi?

Jibu: Amini mizunguko. Kwa uwiano wa 0.002, kilele chenye Hz 25.5 kina upana wa Hz 0.1 hivi, na hatua za wigo wako ni Hz 0.125, kwa hiyo kilele chote kinajificha kati ya nukta mbili. Halafu dirisha lenyewe limeongeza ufifiaji usiokuwapo: kama linapungua hadi karibu asilimia 37 kila sekunde 2, limeongeza 1 ÷ (2 × 160), yaani 0.003 (160 hapa ni 2π × 25.5, si masafa ya modi ya pili). Toa kiasi hicho, au urekodi kwa muda mrefu zaidi bila dirisha.

Swali: Mimi ni mkerezaji. Upau wangu wa kupanulia matundu hupiga kelele na kuacha mawimbi kwenye kazi. Njia hii inanifaa?

Jibu: Inafaa sana, lakini ugonge upau ukiwa umefungwa kwenye mashine kama unavyoutumia, kwa sababu kishikio nacho ni sehemu ya spiringi. Rekodi kelele wakati wa kukata, kisha ulinganishe: ikiwa masafa ya kelele yako karibu na masafa ya upau uliougonga, na hayabadiliki sana unapobadili mwendo wa mashine, basi upau unajitetemesha wenyewe kupitia ukataji. Kabla ya kununua chochote, punguza urefu uliotokeza. Ugumu hufuata kinyume cha kipeo cha tatu cha urefu, kwa hiyo ukirudi kutoka mara 5 ya kipenyo hadi mara 4, ugumu unakaribia kuwa maradufu. Niletee kipenyo, urefu uliotokeza na masafa yote mawili, tuyakokotoe pamoja.