Kupima uanuwai wa vinasaba vya mpingo porini: kazi inaanzia kwenye mizizi

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alinijia na bahasha 90 za majani ya mpingo, akitaka nimwelekeze namna ya kutoa DNA. Nikamwuliza: kutoka mti hadi mti ulikuwa unatembea umbali gani? Akajibu, "Mwalimu, tulikuwa na siku mbili tu, tulichukua iliyokuwa karibu na barabara." Tukaacha mirija mezani, tukafungua daftari lake. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa yeyote anayejiandaa kwenda Kilwa, Liwale, Nachingwea au Tunduru kwa kazi kama hiyo.

Hatua ya 1: Vibali

Kibali cha utafiti ni COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Msitu wa serikali kuu, nenda TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Msitu wa kijiji, anza na ofisi ya kijiji, kisha omba mtu wa kamati ya maliasili mwende naye. Sampuli zikivuka mpaka, kumbuka mpingo (Dalbergia melanoxylon) uko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017 pamoja na karibu jamaa zake wote wa Dalbergia. Majani yamesamehewa, mbao hazijasamehewa. Hiyo peke yake inatosha kukufanya uchukue majani. Cheti cha afya ya mimea bado utakihitaji.

Hatua ya 2: Kuchagua miti

Usiharakishe hapa. Mpingo hauzaliwi kwa mbegu peke yake. Mzizi ukijeruhiwa na moto au jembe, au mti wenyewe ukikatwa, machipukizi huota kutoka mizizini. Chipukizi likiachwa miaka kadhaa linakuwa mti wenye shina lake na miiba yake. Kwa macho ni mti mwingine, kwa vinasaba ni ule ule.

Mimi jambo hili nililisoma na sikulitilia uzito. Msimu wangu wa kwanza nilikusanya kwenye kichaka kimoja kusini mwa Rufiji, nikafurahi kupata miti 30 kwa asubuhi moja. Majibu yalipotoka, sampuli sita zilikuwa na aleli (matoleo ya kinasaba) zile zile kwenye kila alama, yaani kila sehemu ya DNA niliyoipima. Nikadhani nimechanganya mirija. Nikatoa DNA upya, nikarudia PCR (kunakili vipande vya DNA), nikabadilisha kemikali. Majibu yakabaki vile vile. Mwishowe nikarudi kichakani na jembe dogo. Mzee wa kamati alinitazama nikihangaika, akalichukua lile jembe, akafukua kama shubiri moja pembeni ya shina. Mzizi mnene kama kidole gumba ulitoka kwenye shina hilo ukaenda kuingia kwenye la jirani. "Hawa ni mwili mmoja," akasema.

Kwa hiyo acha angalau mita 100 kati ya mti na mti. Wapo wanaoridhika na 50. Kwa mpingo mimi sikubali. Hata mizizi isipokuwa tatizo, kuna udugu. Tunda la mpingo ni ganda jembamba kama karatasi, mara nyingi lenye mbegu moja au mbili. Upepo hulipeperusha, lakini mengi huangukia karibu na mama, hivyo majirani wengi ni ndugu. Pima kwa GPS, maana ndani ya miombo mita 40 huonekana kama 100. Eneo likiwa dogo na miti 30 unayolenga haipatikani kwa umbali huo, chukua 20 na uandike 20. Usijazie kwa majirani ili namba ipendeze.

Unene usikudanganye. Shina nene na fito iliyo pembeni yake huenda vinashiriki mzizi mmoja. Tafuta visiki: panapo kisiki cha zamani na mashina kadhaa yamekizunguka, hesabu pale pana mti mmoja mpaka vinasaba viseme vingine.

Lakini vichaka usivikimbie kabisa. Kama unataka kujua mpingo unajirudishaje baada ya kukatwa au kuungua, chagua kichaka kimoja makusudi, chukua jani kwenye kila shina, na data yake iwe kwenye jedwali lake peke yake.

Pima pia kipenyo usawa wa kifua, na uchukue miche sambamba na miti mikubwa. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa mbao, kwa hiyo miti mikubwa inakupa habari za kizazi kilichotangulia uvunaji wa sasa. Mtu akipima hiyo tu atatangaza kwamba hali ni nzuri, wakati hasara, kama ipo, itaonekana kwanza kwenye miche.

Maabara ikikupa sampuli mbili zinazofanana kabisa, usiifute moja papo hapo. Angalia kwanza mahali zilikotoka. Zikiwa kilomita tatu mbali, kosa la lebo ndilo linaloelekea zaidi. Kisha hesabu uwezekano wa ndugu wawili kufanana kwa bahati kwenye alama ulizotumia, kwa sababu alama zikiwa chache ndugu wa kawaida huonekana kama mwili mmoja. Zikitofautiana kwa aleli moja tu, rudi kwenye picha ya vilele (mchoro wa mashine unaoonyesha aleli) uisome tena. Ndiyo maana kila sampuli ya kumi naipima mara mbili, nikianzia kwenye jani na siyo kwenye mrija wa DNA: nijue makosa yangu ni mengi kiasi gani. Baada ya hapo bakiza shina moja kwa kila mwili, ndipo upige hesabu.

Hatua ya 3: Kukausha

Nenda mvua zikishaanza, majani yakiwa machanga. Kiangazi mpingo hupukutisha majani, utapoteza nauli. Weka majani kwenye bahasha ya karatasi, bahasha ndani ya mfuko wenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu), uzito wa silika uwe mara kumi ya majani. Nunua ya rangi ya chungwa. Ya bluu ina kobalti, ni sumu. Jani lililokauka vizuri hubaki kijani na huvunjika kama chipsi. Lebo kwa penseli, nje na ndani.

Hatua ya 4: Kutoa DNA

Natumia CTAB (njia ya kutoa DNA kwa sabuni ya maabara), vifurushi vya dukani sivipendi kwa mti huu. Unanata, na fenoli zake (kemikali za mmea wenyewe) huziba vichujio vya vifurushi hivyo. Osha unga wa jani kwa sorbitoli mpaka maji yasinate, ongeza PVP (ya kunasa fenoli) asilimia 2, nyuzi 65 kwa saa moja, klorofomu mara mbili. Kinachotuama mwishoni chini ya mrija (DNA yenyewe) kikiwa cheupe, endelea. Kikiwa cha kahawia, jaribu kuzimua mara 10, kisha mara 50, kabla hujakitupa.

Hatua ya 5: Alama

Mikrosatelaiti (alama za vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia) 10 hadi 15 zinatosha kwa maabara ndogo.

Hatua ya 6: Hesabu

Programu ya GenAlEx kwa kuanzia, halafu R. Kifurushi cha poppr kimetengenezwa kwa ajili ya viumbe wenye miili inayojirudia. Idadi ya aleli isawazishwe kwa ukubwa wa sampuli, la sivyo msitu wenye miti 30 utaushinda wenye 20 bila sababu. FIS (kipimo cha kuzaana kindugu) ikipanda juu ya sifuri usikimbilie kusema miti inazaana kindugu. Huenda kuna aleli zisizosomeka.

Kabla ya STRUCTURE, programu inayogawa sampuli kwenye makundi, chora grafu ya tofauti za vinasaba dhidi ya umbali. Tofauti zikipanda polepole kadiri umbali unavyoongezeka, programu hiyo itakukatia makundi ambayo porini hayapo. Na njia ya Evanno ya kuchagua K (idadi ya makundi) haiwezi kukupa K ya 1. Kama msitu wote ni kundi moja, wewe ndiye wa kuliona hilo.

Majani yaliyobaki yarudishe kwenye silika mpya, uyafungie ndoo isiyopitisha hewa.

Tulipomaliza kupima umbali kwenye ramani, bahasha 90 za yule mwanafunzi zilibaki 38. Hizo ameanza kuzisaga. Zilizopungua atazifuata Desemba, safari hii kwa siku kumi na mbili.